Kukarabati Breki za Ndege Uliyoiunda Mwenyewe na Kulinganisha Vipuri Vyake

Mwongozo huu unahusu breki za kampuni ya Cleveland zenye kalipa (kifaa kinachobana diski ya gurudumu) ya namba 30-9, ambazo zimefungwa kwenye ndege nyingi za viti viwili za Van's, kampuni inayouza vifaa vya kujiundia ndege, zikiwemo RV-6 na RV-7. Kalipa hiyo ina pistoni moja yenye kipenyo cha inchi 1.5 na hutumia pedi mbili za namba 66-105, kila moja ikiwa imeshikwa kwenye bamba lake kwa ribiti (misumari ya kugongwa) mbili. Mwenye breki za aina nyingine anaweza kufuata mpangilio huu wa kazi, ila namba na vipimo avichukue katika kitabu cha mtengenezaji wa breki zake.

Hatua ya kwanza ni kuandika kila kipuri kilichomo katika mfumo mzima, kuanzia chombo cha mafuta hadi kwenye diski. Gari la kiwandani lina orodha yake ya vipuri, lakini ndege iliyoundwa nyumbani inaweza kuwa na magurudumu ya kampuni moja, masta silinda (silinda zinazosukuma mafuta ukikanyaga pedali) za nyingine na mipira ya mafuta iliyokatwa na mjenzi mwenyewe, na mtu wa pekee aliyejua yote hayo huenda aliiuza ndege miaka kumi iliyopita.

Hatua ya pili ndiyo inayowaponza wengi: tambua mafuta, kisha oanisha oringi, yaani pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, na mafuta hayo. Breki hizi hutumia mafuta mekundu ya madini ya MIL-H-5606, yanayotaka oringi za mpira wa nitrili. Mafuta ya breki za magari ya DOT 3 na DOT 4 yana asili ya glikoli na hutaka mpira wa aina nyingine, EPDM. Mipira hiyo miwili ni myeusi, vipimo vyake ni vilevile, na jicho haliwezi kuitofautisha. Niliwahi kuuziwa pakiti ya oringi nikiambiwa kuwa zinafaa. Zilikuwa za EPDM. Baada ya majuma mawili ndani ya mafuta ya madini zilikuwa zimevimba, pistoni ya kushoto ikashindwa kurudi, na gurudumu likawa linaburuza breki hata nilipoondoa miguu kwenye pedali. Tangu siku hiyo sifungi oringi ambayo haina namba ya kipuri kwenye pakiti iliyofungwa. Ukitaka kinga zaidi dhidi ya moto, mafuta ya MIL-PRF-83282 hukubaliana na oringi zilezile za nitrili, na kiwango chake kinataka yasiweze kushika moto chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ilhali kiwango cha 5606 ni nyuzi 82 tu.

Sasa zuia magurudumu, inua ndege kwa jeki, fungua bolti za bamba la nyuma na uivute kalipa. Pini zake mbili zinapaswa kuteleza kwa urahisi katika matundu ya bamba lililofungwa kwenye ekseli. Zikiwa na kutu, pedi moja italika upesi kuliko mwenzake, na kubadilisha pedi pekee hakutaponya tatizo hilo. Pistoni itoe kwa hewa ya msukumo mdogo sana, huku uso wake ukielekezwa kwenye kipande cha mbao na vidole vikiwa mbali.

Pima unene wa pedi kwa vania (rula ya taya). Ikibaki inchi 0.100, yaani milimita 2.5, muda wake umekwisha. Toboa ribiti za zamani kwa uangalifu ili tundu la bamba lisipanuke, kisha piga mpya kwa kifaa chake hadi pedi isicheze hata kidogo. Badilisha pedi za magurudumu yote mawili kwa wakati mmoja na za aina moja, hasa katika ndege yenye gurudumu la mkiani, kwa kuwa upande mmoja ukishika kuliko mwingine, pua hugeuka kabla rubani hajawahi kuirekebisha. Diski nayo ipimwe unene kwa maikromita, na ulinganishe na kipimo cha chini kilichotolewa na mtengenezaji.

Masta silinda inahitaji hesabu. Yenye kipenyo cha inchi 0.625, ikisukuma pistoni ya inchi 1.5, huzidisha nguvu mara 5.76, ya inchi 0.5 huizidisha mara 9. Kwa hiyo anayelalamika kwamba breki ni nzito anaweza kupata nafuu kwa silinda nyembamba, lakini pedali itasafiri zaidi kwa kiasi kilekile, na ikifika mwisho kabla pedi hazijabana, amejinyima breki kabisa. Pima nafasi ya pedali kabla ya kuagiza.

Kutoa hewa kufanyike kutoka chini kwenda juu. Unganisha mpira unaoonyesha ndani kwenye nipeli (kichuchu cha kutolea hewa) ya kalipa, sukuma mafuta masafi polepole kwa kopo lenye pampu, na mwenzako aangalie chombo cha juu kisifurike. Mapovu yakikoma, funga nipeli, kanyaga pedali kwa nguvu kwa dakika kadhaa, kisha pitia kila kiungo kwa karatasi kavu ukitafuta unyevu.

Pedi mpya za 66-105 lazima zipashwe moto kwa utaratibu. Endesha ndege ardhini kwa futi 1,500 hivi, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, huku ukikanyaga breki kiasi cha kubaki kwenye mwendo wa maili 5 hadi 10 kwa saa. Ziache zipoe dakika 10 hadi 15, kisha simama, kanyaga, na uongeze injini ukiwa umevuta usukani nyuma. Ndege ikisogea, subiri zipoe kabisa na urudie. Breki zikishika, andika kazi na namba za vipuri vyote katika kitabu cha ndege, aina ya mafuta ikiwa mstari wa kwanza.