Betri ya detekta ya mkono: isikuzimikie foleni ikiwa imejaa

Ukipokea detekta, kile kifaa cha kugundua chuma ambacho mlinzi humpitishia mteja mwilini getini, kwa mwenzio wa zamu ya usiku, usiridhike na taa ya kijani. Taa ile inakwambia umeme upo, haikwambii kama unatosha. Weka ufunguo juu ya benchi la mbao, shusha detekta taratibu mpaka ilie, kisha pima kwa vidole pengo lililobaki. Ya kwetu, ikiwa na betri mpya, hulia kwenye vidole vinne. Ikianza kulia kwenye viwili naitoa betri, hata taa ikiwaka vipi. Detekta yako itakuwa na kipimo chake. Kichukue siku unayoweka betri mpya, ukiandike kwenye kitabu cha OB, kile cha matukio ya zamu, ili kila anayeshika zamu akione.

Nasimamia walinzi wa geti hapa Mombasa, mahali ambapo watu hufurika jioni na mwisho wa mwezi. Tangu shambulizi la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate kule Nairobi, Septemba 2013, wateja wamezoea kuinua mikono bila ubishi. Kwa hivyo detekta yenye betri chovu naiona mbaya kuliko kukosa detekta kabisa. Mlinzi asiyekuwa nayo hufungua mkoba akatazama. Aliye nayo husikiza mlio, mlio usipokuja anasema karibu, na kisu kimepita.

Nyingi ya detekta hizi hutumia betri moja ya volti 9, ile ya mstatili yenye vichwa viwili upande mmoja. Dukani utazikuta za namna kadhaa na kwa macho zafanana. Zilizoandikwa Heavy Duty ni za kaboni na zinki. Ni rahisi, lakini kwa kazi ya zamu ya saa kumi na mbili hazifiki mbali, na mlio ukipigwa mfululizo volti zake hushuka haraka. Zilizoandikwa Alkaline zina seli sita za volti 1.5 ndani na hubeba takriban miliampea-saa 500, ndicho kipimo cha umeme uliomo. Hesabu yake si ngumu: detekta inayokula miliampea 10 itakwenda kama saa 50, yaani zamu nne na ushei. Ikila 20, gawa kwa mbili. Kiasi inachokula utakikuta kwenye kijitabu chake, kama hakijatupwa pamoja na boksi. Betri ya lithiamu isiyochajiwa hubeba zaidi ya mara mbili ya hapo, ila bei yake humfanya bosi akohoe.

Ukinunua, ishike mkononi. Alkaline ni nzito kuliko ya kaboni, na ukiona betri ina jina kubwa la Alkaline lakini ni nyepesi, irudishe. Soma na tarehe ya mwisho.

Sasa za kuchaji. Ile ya nikeli, hata iwe imeandikwa 9 kwa ubavuni, kwa kawaida ina volti 8.4, na nyingine 7.2 tu. Hiyo ya 7.2 iache, kwa sababu detekta nyingi zitaanza kulalamika betri imeisha hata kabla hujaanza kazi. Ya 8.4 inafaa, lakini hubeba kama miliampea-saa 200 hivi, chini ya nusu ya alkaline. Basi uwe nazo mbili kwa kila detekta, moja kazini, moja kwenye chaja. Zile za kawaida pia hujivujia chaji zikiwa zimekaa bure, na joto la pwani huongeza kasi, kwa hivyo usichaji Ijumaa ukategemea kuitumia mwisho wa mwezi. Siku hizi kuna nyingine zinazochajiwa kwa waya wa simu. Ndani yake mna lithiamu na kifaa kidogo cha kupandisha volti. Sizipendi getini. Hushikilia volti 9 mpaka tone la mwisho kisha hukata ghafla, kwa hivyo detekta haipati nafasi ya kukuonya, na kile kifaa cha kupandisha volti chaweza kuleta kelele za umeme zinazoichanganya detekta ikalia bila chuma. Kama ndizo ulizopewa, zijaribu kwanza: washa detekta hewani, mbali na chuma chochote, usikilize kama imetulia.

Jambo moja la hatari. Detekta ikiwa na tundu la chaja, usichomeke chaja kama ndani mna betri isiyo ya kuchaji. Yaweza kupasuka.

Detekta nzuri ina kidhibiti cha umeme ndani. Hiyo hulia sawasawa leo na kesho mpaka betri ifike ukingoni, kisha yazima, na kipimo cha ufunguo hakitakuonya mapema. Kwa hiyo azima mita ya fundi wa umeme, wa jengo huwa hakosi. Pima zamu inapomalizika, si asubuhi. Betri iliyopumzika usiku kucha hupandisha volti za uongo ambazo huporomoka ukianza kazi. Alkaline mpya husoma zaidi ya 9. Mimi nikiona chini ya 7.5 haiendi zamu nyingine. Muulize pia fundi lini alibadilisha betri ya mita yake, maana nyingi nazo hutumia hiyo hiyo ya volti 9, na ikidhoofika mita husoma juu kuliko ukweli.

Vijana wangu wengine wanakuja na desturi ya nyumbani ya kuanika betri juani, kama za redio ya bibi. Ni kweli joto huichangamsha ile kemikali, volti zikapanda kidogo. Saa tatu foleni imeshika, imelala tena. Na betri iliyokwisha ikipigwa jua ndiyo huvuja. Kwa sababu hiyo hiyo usiiache detekta kwenye kibanda cha mabati mchana kutwa.

Hapa kwetu adui mwingine ni hewa ya bahari. Fungua kifuniko kila wiki utazame vile vifungo viwili vya waya. Ukiona ukungu wa kijani, sugua kwa kifutio cha penseli. Ukiona unga mweupe, alkaline imevuja. Unga huo huchoma ngozi, usiuguse kwa vidole wala kuupuliza ukakuingia machoni. Chovya pamba ya masikio kwenye siki au ndimu, futa, futa tena kwa maji kidogo, kausha kabisa ndipo urudishe betri. Nimeona detekta ikitangazwa mbovu na kuagiziwa nyingine, kumbe kifungo kimelegea. Ukikibana kidogo kwa koleo inaamka.

Kuhusu matumizi yenyewe, mtetemo hula betri kuliko mlio kwa sababu huzungusha mota. Uache kwa kazi inayotaka ukimya. Lakini kinachokula zaidi getini kwetu ni milio isiyo na maana. Ukisimama karibu na meza ya chuma, ukuta wa mabati au ile fremu ya kupita watu, detekta hulia kutwa. Ukiishusha hadi kwenye viatu, nondo zilizo ndani ya sakafu huiamsha. Sogea hatua mbili tatu, mwambie mteja akanyage kibao cha mbao. Ukitaka kujua kama utaona kitu kidogo, usitegemee ufunguo peke yake, jaribu na wembe.

Betri ya akiba isikae mfukoni pamoja na sarafu na funguo. Vichwa vyake vimekaribiana, ufunguo mmoja ukivigusa vyote huchemka hadi kuchoma nguo. Funika vichwa kwa selotepu. Zilizokwisha nazo zifunike, kisha uzichore msalaba mkubwa kwa kalamu ya wino mzito, maana ukiziacha hivi hivi kwenye droo, wa zamu ya usiku atazirudisha.