SOMO: Kuchagua kinga ya meno ya michezo na kuitunza

Wakuu, wengi wanacheza ndondi, raga, hoki na meno wazi, ukiuliza unaambiwa kinga (kile kiplastiki laini cha kuvalisha meno) inawakaba. Inakukaba kwa sababu haijakaa sawasawa.

Ziko aina tatu. Ile ya kutoa kwenye pakiti na kuvaa sikushauri kabisa, inashikwa kwa kung'atwa tu, ukifungua mdomo imedondoka. Ya kuchemsha na kung'ata ndo tunayotumia wengi. Ya tatu daktari wa meno anachukua kipimo chako anakutengenezea, bei imechangamka ila hiyo unasahau kama umevaa.

Ya kuchemsha, anza kuijaribu ikiwa kavu mbele ya kioo, ikikutia kichefuchefu kwa nyuma punguza ncha na mkasi kidogo kidogo. Chemsha maji, epua, ndo uitumbukize (muda fuata pakiti, ukizidisha inalegea yote). Itoe na kijiko, ichovye fasta kwenye maji baridi usije ukaungua fizi, ivae meno ya juu, ng'ata kiasi halafu fyonza kwa nguvu huku vidole vinabonyeza mashavu na midomo kwa nje na ulimi unasukuma kwa ndani. Hapa ndo watu wanaharibu, wanang'ata kama wanavunja mfupa, meno yanazama mpaka pale pa kupokea pigo panabaki kama karatasi. Milimita 3 hivi zibaki. Kisha maji baridi igande.

Sasa achama. Ikibaki juu yenyewe umepatia, ikishuka rudia.

Baada ya mazoezi isugue kwa mswaki na sabuni laini, suuza kwa maji baridi, iache ikauke, weka kwenye kiboksi chenye matundu, siyo ndani ya soksi (mnajijua). Na jua iogope! Yangu niliisahau kwenye dashibodi ya gari mchana mmoja tu, nikaikuta imejikunja kama jani kavu.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nina waya za kunyoosha meno, nichemshe tu?
Jibu: Hapana kaka, plastiki laini itanasa kwenye waya, na meno yenyewe bado yanahama. Muone anayekufunga hizo waya, zipo za watu wenye waya.

Swali: Nibadilishe lini?
Jibu: Ikichanika, ikilegea au ukiona umeitafuna pembeni. Mtoto anayebadilisha meno icheki mara kwa mara.

Swali: Na jino likishang'oka uwanjani?
Jibu: Lishike upande wa kutafunia, mzizi usiuguse wala kuusugua. Likiwa chafu lisuuze kidogo, lirudishe kwenye tundu lake ung'ate kitambaa, ukishindwa litie kwenye maziwa, ukimbie kwa daktari ndani ya nusu saa ikiwezekana.

Swali: Hata la mtoto?
Jibu: La utoto usilirudishe dada, linaweza kuumiza la ukubwani linalosubiri chini yake. Ila mpeleke akaangaliwe.