Namna ya kumwombea mtoto mwenye mahitaji maalumu nafasi na msaada katika shule ya msingi ya Kikatoliki, Malindi

Kabla ya kushika kalamu, jua shule unayoiendea ni ya aina gani. Hapa Malindi watu huziita zote shule za misheni, lakini ziko za aina mbili. Kuna shule za umma ambazo Kanisa ni mfadhili wake: walimu huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), serikali hugharamia masomo, na mfadhili ana sauti katika bodi na katika malezi ya kiroho. Halafu kuna za binafsi, zilizo mali ya Jimbo Katoliki la Malindi au ya shirika la masista, ambako mzazi hulipa karo. Jimbo hili lilianzishwa mwaka 2000 na linafika hadi Lamu na Tana River, kwa hiyo mzazi wa Mpeketoni au Garsen anaweza kufuata utaratibu huu huu. Aina ya shule ndiyo itakayoamua utamwendea nani mambo yakikwama.

Jua pia haki yako. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wengine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya ulemavu au dini. Nalisema hili la dini kwa sababu Waislamu wengi wa pwani husomesha watoto wao katika shule hizi. Ibara ya 32 hairuhusu mtoto alazimishwe ibada isiyo ya imani yake. Liseme wazi siku ya kuandikisha, kwa heshima, na mtaelewana.

Anzia hospitalini

Mpeleke mtoto apimwe macho na masikio kwanza, katika hospitali ya serikali ya Malindi au nyingine iliyo karibu. Mtoto aliyetokwa na usaha masikioni tangu mdogo huenda hasikii vizuri, na shuleni ataonekana mkaidi. Asiyeuona ubao ataonekana mvivu. Inaniuma kuona watoto wanachapwa kwa jambo ambalo miwani ingelimaliza, na kumchapa mtoto shuleni ni kosa kisheria. Omba matokeo kwa maandishi.

Tathmini ya elimu

Hapa ndipo penye uzito. Serikali ina vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Ulizia cha karibu katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mtathmini atazungumza nawe, atamtazama mtoto akicheza na kufanya kazi, kisha ataandika ripoti yenye pendekezo: darasa la kawaida lenye msaada, kitengo maalumu ndani ya shule, shule maalumu, au masomo ya nyumbani.

Nenda na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi za hospitali na madaftari mawili matatu ya mtoto. Ikiwa cheti hakijapatikana, anza kukitafuta siku hiyo hiyo kwa msajili wa vizazi, ukiwa na kadi ya kliniki na barua ya chifu.

Mweleze mtathmini lugha ya nyumbani. Mtoto wa Ganda au Kakoneni anayeongea Kigiriama tu, akiulizwa maswali kwa Kiingereza, atanyamaza, na kimya chake kinaweza kuandikwa kuwa hajui. Omba aulizwe kwa lugha anayoielewa. Sema pia anayoyaweza: anahesabu chenji dukani, anachunga mbuzi, anakumbuka nyimbo za kanisani au aya alizofundishwa madrasa. Ripoti inayotaja upungufu peke yake haitamsaidia mwalimu. Usiondoke bila kuambiwa lini utapewa nakala yako.

Barua

Mazungumzo ya ofisini husahaulika, barua hubaki. Andika hivi:

*Kwa Mwalimu Mkuu,*
*KUH: OMBI LA NAFASI NA MSAADA WA MASOMO*
*Mimi ni mzazi wa (jina), aliyezaliwa (tarehe). Naomba nafasi ya gredi ya (…) kuanzia muhula wa kwanza. Mwanangu amefanyiwa tathmini na EARC, na nakala ya ripoti nimeiambatanisha. Ripoti inapendekeza asome darasa la kawaida, akae mbele, apewe maagizo moja moja na aongezewe muda wa kumaliza kazi. Naomba tukutane pamoja na mwalimu wa darasa ili tupange namna ya kuyatekeleza haya. Nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi.*

Tia sahihi, tarehe na namba ya simu. Peleka nakala mbili: moja ibaki shuleni, ya pili igongwe mhuri na urudi nayo. Asiyejua kuandika amwombe mtu anayemwamini, kisha asomewe yote kabla ya kutia sahihi. Ipeleke muhula wa tatu, wala usingoje Januari, ambapo ofisi hujaa wazazi.

Kikao na mpango wa mtoto

Kupata nafasi ni nusu ya safari. Wapo watoto wanaoandikishwa kisha wakaachwa nyuma ya darasa mwaka mzima. Kwa hiyo dai mpango wa maandishi wa mtoto wako peke yake. Uonyeshe anachokiweza leo, lengo la muhula, nani atafanya nini, na lini mtautazama tena. Lengo liwe la kupimika: “kufikia mwisho wa Aprili atatambua herufi kumi na kusoma ba, be, bi” ni bora mara mia kuliko “ataboresha usomaji”.

Yasiyo ya vitabu nayo yaandikwe. Mwenye kifafa, dawa atashika nani, na akianguka nani ataitwa? Mwenye kiti cha magurudumu, atapitaje kwenye mchanga kutoka lango hadi darasani, na choo kina nafasi? Nenda mkakague choo pamoja na mwalimu kwa macho yenu.

Kwa mtoto asiyeweza kufuata gredi, mtaala wa sasa una njia ya hatua, kuanzia ya msingi hadi ya ufundi, ambayo haimpimi kwa umri. Uliza kama shule inaifundisha.

Usajili wa ulemavu

Huu unaweza kwenda sambamba. Mtoto hupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kupata kadi. Familia yenye mtoto mwenye ulemavu mkali iulize kwa chifu kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Mkikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Shule ya umma, nenda kwa bodi, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ya jimbo, muone anayesimamia elimu jimboni. Paroko anaweza kukufikisha. Pasiposaidika, ipo Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.

Gredi ya sita

Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) huandaa tathmini ya gredi hii kwa Breli na kwa maandishi makubwa, na huongeza muda kwa wanaohitaji, ila ni lazima shule iombe wakati wa usajili. Mwulize mwalimu mkuu mapema katika mwaka wa gredi hiyo kama ombi la mtoto wako limeingizwa, na umkabidhi nakala ya ripoti ya EARC.