Besmenti ya zamani: tuiache au tuifukie?

Nyumba kuukuu za Milimani, Nakuru, ziko kwenye mteremko wa Menengai, kwa hiyo si ajabu kukuta besmenti, yaani stoo iliyo chini ya ardhi, imejaa magunia na tairi za gari lililouzwa zamani. Mwenye nyumba akitaka kujenga upya huuliza: si tuiache tuokoe pesa ya msingi? Amueni kabla ya nyundo kugusa ukuta wa juu. Sababu iko hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Maji. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote nne kwa selotepu, siku mbili. Unyevu ukiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka kwenye udongo. Ukiwa mbele, ni jasho la hewa, na dirisha litalimaliza. Pima Aprili au Mei. Januari kila besmenti ni kavu.

Hatua ya 2: Ukuta. Gonga kwa nyundo. Panapolia kama debe tupu, zege limeachana na nondo. Chokoa kidogo, udondoshee finolfthalini, ile ya maabara ya kemia shuleni. Pakigeuka rangi ya waridi, zege bado linailinda nondo. Pasipobadilika rangi, zege hapo halizuii kutu tena. (Kuta nyingi za zamani ni mawe matupu, hazina nondo kabisa, kwa hiyo usishangae.) Ufa wa kulala katikati ya ukuta ndio unaonitia hofu kuliko ule wa ngazi ngazi: udongo unausukuma ukuta ndani. Mwishowe chimba shimo kwenye kona moja uone upana wa msingi. Msingi huo ulibeba nyumba isiyo na ghorofa. Wewe unataka ghorofa.

Hatua ya 3: Ubomoaji. Watu wengi hapa hukosea. Sakafu ya juu ndiyo inayoshika vichwa vya kuta za besmenti. Ukiing'oa, kuta zinabaki zimesimama peke yake huku udongo ukizisukuma, na mvua ikinyesha udongo unakuwa mzito zaidi. Wekeni mihimili ya kukingia kwanza, kisha ndiyo mbomoe. Lori la kokoto lisisogee karibu na ukingo. Kibarua asiingie chini kufuata vyuma vya skrepu.

Hatua ya 4: Ukiamua kufukia. Toboa sakafu ya chini, la sivyo itashika maji kama karai. Toa mbao zote, maana zikioza zinaacha pango. Jaza hadikoo (mawe yaliyovunjwa) na murramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe. Nguzo mpya isisimame nusu kwenye kifusi na nusu kwenye ardhi asilia. Nusu moja itatitia. Michoro aipitishe injinia aliyesajiliwa, na kibali kitoke kaunti.

Maswali ya wanachama

— Fundi, niko Nyamasaria, Kisumu. Udongo wetu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi.

Ndugu yangu, mimi ningefukia. Huo udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo ukuta husukumwa na kuachwa kila mwaka. Tena maji ya ardhini yakipanda, besmenti tupu huinuliwa kama mtumbwi, maana uzito wa nyumba uliokuwa ukiikalia umeshaondolewa. Mnakumbuka Mei 2020 ziwa lilivyopanda.

— Kaka, naweza kuigeuza tangi la maji ya mvua?

Ya mita 4 kwa 3, maji yakifika mita 2, ni lita 24,000, yaani tani 24. Ukuta huo ulijengwa kuzuia udongo unaosukuma kuja ndani, si maji yanayosukuma kwenda nje. Bila injinia, hapana. Nunua tangi la plastiki, uliweke juu ya ardhi.

— Lakini kuibakiza si ndiyo rahisi?

Dada, ikiwa kavu na ukuta uko wima, ndiyo, unaokoa uchimbaji na lori za kubeba udongo. Ikivuja, linganisha na bei ya kuchimba nje ya kuta zote, kuzipaka lami na kuweka mtaro wa kutoa maji. Mpe fundi akupigie hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, kabla hujampa hata shilingi ya kubomoa.