Homa ya uti wa mgongo ikizuka chuoni: mwongozo kwa zahanati za vyuo vya Mombasa

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi na maafisa wa kliniki wa zahanati za vyuo, wasimamizi wa mabweni, na yeyote anayepigiwa simu usiku mwanafunzi akizidiwa. Ugonjwa wenyewe ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria aitwaye meningokokasi. Huweza kumkuta kijana aliyecheza mpira jana jioni, leo usiku yuko mahututi. Bila tiba, hadi nusu ya wagonjwa hufa. Hata wakitibiwa vizuri, takriban mmoja kati ya kumi hufa, na katika wanaopona wapo wanaobaki na uziwi, kifafa au viungo vilivyokatwa.

Sisi wa Pwani hatukai katika kitovu cha ule ukanda wa Senegal hadi Ethiopia ambako ugonjwa huu hurudi majira ya kiangazi, ndiyo maana wengi wetu hatuuwazii. Lakini Nairobi nayo haimo katika kitovu hicho, na mwaka 1989 ilipigwa na mlipuko mkubwa. Chuo kina kila kitu ambacho bakteria huyu anakitaka: vijana wanaolala wanne katika chumba cha wawili, wageni wanaotoka kila kaunti muhula ukifunguliwa, na sigara moja inayopita midomo mitatu.

Nitakaa zaidi kwenye hatua ya nne, orodha ya waliokaribiana na mgonjwa. Naamini kwa dhati kuwa hapo ndipo mlipuko unapozimwa au unapoachiwa njia.

Hatua ya 1: Shuku mapema

Mombasa mtu akishikwa na homa na kichwa, jibu liko tayari mdomoni: malaria. Ikikosekana malaria basi ni dengi, kwa kuwa tuliiona 2013, 2017 na 2021. Kijana atapita duka la dawa, atapewa vidonge vya malaria na vya maumivu, atarudi kulala. Kipimo cha malaria kifanye, kinachukua dakika chache tu, lakini kikionyesha vimelea usifunge faili. Mtu anaweza kuwa na malaria damuni na homa ya uti wa mgongo kwa pamoja.

Mwambie akigusishe kidevu kwenye kifua. Tazama kama anaikimbia taa. Muulize anayelala naye chumbani kama amekuwa akisema maneno yasiyoeleweka, maana mgonjwa mwenyewe hatakwambia hilo. Kuna dalili zinazotangulia shingo kukakamaa na zinazopuuzwa sana: mikono na miguu baridi ilhali mwili unawaka, maumivu makali ya miguu, ngozi kuwa na mabaka.

Vidoa vya damu chini ya ngozi havionekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Washa tochi ya simu uangalie viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kaakaa. Ukiona vidoa, chukua bilauri ya kioo, ibonyeze juu yake. Vikibaki vinaonekana kupitia kioo, hiyo ni dharura. Dengi nayo huweza kuleta vidoa vya namna hiyo, lakini usikae kubishana ni ipi. Na asiyekuwa na vidoa hajaokoka, kwani wagonjwa wengi hawanavyo.

Hatua ya 2: Dawa itangulie gari

Ukishuku, na hospitali haiko mlangoni, mpe seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu 2 kwa mtu mzima, mshipani, au msulini kama mshipa haupatikani. Uliza kwanza kama amewahi kupata mzio mkali wa dawa za kundi hilo au penisilini. Kama una chupa ya damu ya kuoteshea bakteria maabara, chota damu kabla ya sindano, lakini usimcheleweshe mtu kwa ajili ya chupa. Msongamano wa Daraja la Nyali saa za jioni mnaujua. Mgonjwa aliye Likoni asingojeshwe feri akiwa hajapata dawa.

Mvishe barakoa, nawe uvae. Baada ya saa 24 za dawa inayofaa hataambukiza tena. Piga simu Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, au unakompeleka, wajue anakuja nani na anaugua nini.

Kwenye barua ya rufaa andika jina la dawa, kiasi, njia na saa. Andika “22:20”, usiandike “saa 4:20”. Daktari wa zamu ataisoma usiku wa manane akiwa na wagonjwa wengine sita, na tofauti ya saa sita katika ugonjwa huu ni tofauti kubwa mno.

Hospitalini watataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Hapa wazazi wengi hukataa kwa simu, wakiamini sindano ile humpoozesha mtu. Waeleze taratibu kwamba sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na kwamba maji yale ndiyo yatakayosema ni bakteria gani na wa kundi lipi, kwani meningokokasi ana makundi yanayotajwa kwa herufi. Kwa kawaida huwa meupe kama maji ya kunywa. Yakiwa na ukungu, hiyo ni ishara mbaya. Sampuli ikishatoka iende maabara haraka, tena isiwekwe kwenye friji wala barafu. Meningokokasi hufa kwa baridi, na akishakufa hataota maabara.

Hatua ya 3: Toa taarifa usiku huohuo

Ugonjwa huu umo katika orodha ya magonjwa ya kutolewa taarifa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo yako, ujaze fomu MOH 502. Usingoje maabara, mshukiwa anatosha. Chuo kikiwa Tudor, hiyo ni Mvita. Lakini kama mwanafunzi amepanga Kisauni, Kisauni nao wajue.

Hatua ya 4: Orodha

Unatafuta waliokaribiana na mgonjwa tangu siku 7 kabla hajaanza kuugua. Hao ni wanaolala naye chumba kimoja au nyumba moja, mpenzi wake, waliobusiana naye, na wale ambao mate yao na yake hukutana kila mara: mswaki, kijiko kimoja, mdomo mmoja wa shisha. Ongeza mhudumu wa afya aliyemwekea mpira wa kupumulia au kumpulizia hewa mdomoni bila kujikinga. Waliokaa naye darasani, waliopanda naye matatu moja, waliopanga naye safu msikitini au kanisani, hao hawamo. Bakteria huyu hadumu hewani wala mezani.

Karatasi ya msimamizi wa bweni haitoshi. Itakwambia chumba ni cha watu wawili, wakati kuna binamu aliyekuja kutafuta kazi bandarini na rafiki aliyefukuzwa alikopanga kwa kukosa kodi. Hawa watajificha ukija na sauti ya nidhamu. Waambie mapema, na uape kweli, kwamba orodha hii haitafika ofisi ya nidhamu wala ya malipo. Kisha timiza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulazimu, lakini hata isingekuwepo, ukivunja ahadi mara moja, mgonjwa wa pili hatakupa jina hata moja.

Usiulize “ulikaribiana na nani?” Hakuna anayejua kujibu swali hilo. Nenda usiku kwa usiku. “Ijumaa ulilala wapi? Nani mwingine alikuwepo? Jumamosi je?” Kama mgonjwa hawezi kusema, muulize rafiki wa karibu kwa mtindo uleule, kisha mwingine peke yake, ulinganishe. Mambo ya mpenzi hayaulizwi mbele ya mzazi. Mwombe mama au mjomba akae nje kidogo na mtu wa kumliwaza, ndipo uulize, na uulize bila kukunja uso. Kijana wa kiume akitaja mwenzake wa kiume, unaandika jina na namba ya simu, unaendelea na swali linalofuata.

Aliyekwisha safiri apigiwe simu. Mwenye kwenda Voi, Lamu au Lunga Lunga bado yumo kwenye orodha, na ofisi ya afya ya huko iambiwe ili apewe dawa hukohuko.

Dawa yenyewe ni siprofloksasini miligramu 500, kidonge kimoja, mara moja. Mjamzito apigwe seftriaksoni miligramu 250 msulini. Rifampisini miligramu 600 mara mbili kwa siku kwa siku 2 pia hufanya kazi, lakini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi, na tunaihitaji kwa kifua kikuu. Mimi huiweka mwisho. Lengo ni kila aliyemo kwenye orodha awe amemeza ndani ya saa 24 tangu mgonjwa atambuliwe. Zikipita siku 14 haina faida tena. Simama hapo aimeze mbele yako. Kidonge kilichotiwa mfukoni hakijahesabiwa. Aliyewahi kuchanjwa ameze pia.

Halafu mpe karatasi yenye namba ya simu ya zahanati: kwa siku 10 zijazo, akipata homa au kichwa kikali, aje moja kwa moja, asipitie duka la dawa. Dawa hupunguza hatari sana lakini haiimalizi.

Watakuja wengi kudai kidonge, wakiwemo wahadhiri na wazazi wenye sauti kubwa. Usigawe chuo kizima. Utamaliza akiba kabla ya kumfikia yule binamu aliyejificha, utawazoesha bakteria dawa, na walioimeza bila sababu watajiona wamekingwa wapuuze dalili. Kugawia kundi kubwa ni uamuzi wa kuchukuliwa pamoja na idara ya afya ya kaunti pale wagonjwa wanapoongezeka.

Hatua ya 5: Usifunge chuo

Shinikizo litakuja asubuhi ya pili. Pinga kwa heshima lakini pinga. Ugonjwa huchukua siku 2 hadi 10 kujitokeza. Ukiwatawanya wanafunzi leo, wa kesho kutwa ataugulia Taveta au Garsen, mbele ya mhudumu asiyejua ametoka wapi, na mwenye orodha atakuwa mbali. Wakibaki, unawaona. Kupulizia dawa mabweni nako acha. Bakteria anaishi kooni mwa watu, ukutani hayupo. Fedha hizo nunua seftriaksoni. Kinachosaidia bwenini ni kufungua madirisha na kupunguza vitanda.

Hatua ya 6: Sema kabla ya uvumi

Ujumbe utoke kabla ya saa sita mchana siku ya kwanza, kwa vikundi vya WhatsApp vya viongozi wa madarasa, bila jina, kozi wala namba ya chumba cha mgonjwa. Unaweza kuandika hivi:

“Mwanafunzi mmoja anatibiwa hospitalini kwa kushukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Waliokaribiana naye wanapewa dawa ya kinga na zahanati. Kama hujapigiwa simu, huhitaji dawa. Ukipata homa na kichwa kikali, shingo kukakamaa, kutapika, kuchanganyikiwa au vidoa visivyofifia ukibonyeza kwa kioo, usilale nayo: njoo zahanati saa yoyote au tupigie. Ukimwona mwenzako hivyo, usimwache peke yake.”

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Mgonjwa wa ugonjwa huu mara nyingi huokolewa na aliye kitanda cha pili.

Hatua ya 7: Akitokea wa pili

Wagonjwa 2 au 3 wa kundi moja la bakteria katika chuo kimoja ndani ya miezi 3, wasio wa chumba kimoja, huo ni mlipuko, na hapo ndipo suala la chanjo linapoingia. Chanjo gani, inategemea kundi, ndiyo maana nilisisitiza sampuli. Ile ya makundi A, C, W na Y inajulikana Mombasa kwa sababu mahujaji hulazimika kuidunga kabla ya Hija, hasa tangu mlipuko wa kundi W uliowakumba mahujaji mwaka 2000. Kuna mpya inayoongeza kundi X, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani 2023, na Nigeria ikawa nchi ya kwanza kuitumia 2024. Zote mbili hazikingi kundi B, ambalo ndilo lililokisumbua chuo cha Princeton, Marekani, 2013, ikabidi walete chanjo ambayo ilikuwa bado haijasajiliwa nchini humo. Anayesema “tuchanje tu” kabla ya jibu la maabara mwombe asubiri. Tena kinga ya chanjo huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo vidonge vya hatua ya nne haviachwi.

Hatua ya 8: Akifariki

Huku kwetu maziko hayachelewi, na familia ya Kiislamu itataka kumwosha maiti wao siku hiyohiyo. Waruhusuni. Wanaoosha wavae glavu kama kawaida, basi. Hakuna haja ya kuzuia josho, sala wala kuaga. Rafiki zake wa chumbani watakwenda matangani. Hakikisha wamemeza dawa kabla ya kupanda gari, na mtu wa zahanati aende nao. Mtu huyo akae nao pia wiki zinazofuata, kwa sababu kila mmoja wao atajiuliza kwa nini hakumwamsha mwenzake mapema.

Hatua ya 9: Akirudi

Aliyepona apimwe masikio kabla ya kutoka hospitalini au ndani ya wiki 4. Kijana anaweza kupoteza usikivu wa sikio moja asijue, akadhani mhadhiri amepunguza sauti. Uchovu na kusahau hudumu miezi. Zahanati imwandikie barua kwa idara yake, mitihani isogezwe na kiti chake kiwe mbele, bila kumlazimisha aende kuomba mlango kwa mlango.