SOMO: Kupiga flashi juani kwa shata ya kasi bila picha kukatika

Wakuu, mtu anapiga maharusi saa saba mchana, shata 1/1000 ya sekunde, picha inatoka nusu imepata flashi nusu haijapata. Flashi yako ni nzima. Shata za kamera zetu nyingi ni mapazia mawili, la kwanza linafungua la pili linafunga, na mpaka 1/200 au 1/250 hivi kuna muda sensa yote iko wazi. Ukipita hapo la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, unabaki mwanya tu unaotembea, sasa flashi ikiwaka mara moja inaukuta mwanya ulipo basi.

Dawa ni HSS (high-speed sync), yaani flashi kufanya kazi na shata ya kasi kuliko hiyo 1/250.

1. Hakikisha flashi na triga (kidude cha kuiwasha flashi ikiwa mbali na kamera) vyote vinayo. Yongnuo YN560 haina. Godox TT600 inayo ila ukiiweka nje ya kamera na triga yao ya X.

2. Washa. Nikon ni menyu e1, chagua Auto FP, ndiyo jina lao la HSS (D3500 na D5600 hazina, usihangaike kuitafuta). Canon unawasha kwenye flashi, alama ya radi yenye H.

3. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), pima jua flashi ikiwa imezimwa. ISO 100, uwazi wa lenzi f/2.8, jua kali shata inakuja kama 1/3200.

4. Washa flashi uisogeze karibu, karibu kweli. HSS inapiga vimwanga vingi mfululizo mpaka mwanya umalize safari, kwahiyo nguvu inashuka stopu mbili au zaidi (kila stopu moja ni mwanga kupungua nusu), na kila ukidabo spidi ya shata mwanga wa flashi unapungua nusu tena. Inachemka pia, ipumzishe.

Na wanaotumia HSS kugandisha mtu anayeruka, sielewi kwa nini, pasipo na jua kali flashi ya kawaida kwenye pawa ndogo inagandisha vizuri zaidi maana mwako wake ni mfupi mno.

Mkuu flashi yangu haina HSS, ninunue nyingine?
Tafuta kwanza filta ya ND ya stopu 4, kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi kupunguza mwanga. Ile 1/3200 inakuwa 1/200, f/2.8 yako iko palepale.

Mbona Fuji X100 ya mshkaji inapita 1/250 bila HSS?
Shata yake iko ndani ya lenzi, haina mapazia hayo.

Na Sony A9 III?
Hiyo sensa nzima inasoma kwa mpigo, flashi inakubali mpaka 1/80000. Bei yake sasa, kaka, uza kiwanja.