Pima petroli ya boti kama ina ethanoli kabla hujajaza tenki

Wakuu, kila siku mnauliza petroli isiyo na ethanoli inapatikana wapi. Mi nasema jifunze kuipima kwanza, maana anayeshika pampu mara nyingi hata yeye hajui anauza nini.

Shida ni kwamba ethanoli ni spiriti, inavuta maji, na tenki la boti lina tundu la kupumulia so unyevu unaingia taratibu. E10, yaani petroli yenye ethanoli mpaka 10%, inabeba maji kama nusu asilimia tu, yakizidi inakatika, maji na ethanoli vinazama chini, na paipu ya kunyonya mafuta iko hukohuko chini. Mashine inakunywa maji, inazima mko katikati ya safari.

Hatua ya 1: soma lebo ya pampu. E5, E10, E15, hiyo namba ni kiwango cha juu cha ethanoli. E15 usiiguse kabisa kwa boti. Na msidanganyike na oktani kubwa (namba inayoonyesha petroli inavyohimili bila mashine kugonga), ethanoli yenyewe inapandisha oktani kwahiyo namba kubwa na bei kali sio ushahidi kwamba haina ethanoli.

Hatua ya 2: tafuta chupa nyembamba ya kioo yenye mistari ya mililita. Weka maji mililita 10 na tone la rangi ya chakula ili uone vizuri, kisha petroli mpaka 100. Fanyia nje, sigara mbali.

Hatua ya 3: funga, tikisa, legeza kifuniko gesi itoke, iache itulie dakika kumi hivi. Mstari wa maji ukibaki 10, haina ethanoli. Ukipanda mpaka 19 ina kama 10%, maana mililita 9 kati ya 90 zimehamia kwenye maji. Hiyo sampuli usiirudishe kwenye tenki wala usimwage majini.

MASWALI

Mkuu nimeshajaza E10, nimwage?
Hapana, mashine nyingi za sasa zinaikubali, kibaya ni kuilaza. Itumie haraka, funga filta ya kutenganisha maji, kagua paipu za mpira kama zimelainika. Ila kama tenki lako ni la faiba la zamani itoe leo, ethanoli inalainisha ile resini (gundi inayoshikilia faiba) na uchafu wake unaenda kunata ndani ya mashine.

Sasa si niweke maji mengi, ethanoli ishuke, nitumie petroli ya juu?
Hahaha kila mtu analiwaza hilo. Usithubutu ndugu, ethanoli ikitoka oktani inashuka nayo, mashine itaanza kugonga, na petroli bado ina maji maji.

Na ile dawa ya kutunza mafuta, inarudisha yaliyokatika?
Hairudishi. Inawekwa kwenye mafuta mapya. Yaliyokatika nyonya yote mpaka chini, kausha tenki, badilisha filta ndo ujaze upya.